Anwani Iliyo Chini ya Karatasi

Niliondoka Handeni asubuhi moja ya ukame, nikiwa na begi la mgongoni na viatu vilivyokuwa bado vina samadi ya zizi la tajiri niliyekuwa namchungia. Sikuwa na mpango wowote. Niliamka, nikanawa uso kwa maji ya kopo, nikaona siwezi kuwafuata ng'ombe wale hata siku moja zaidi. Lori la mahindi lilikuwa limesimama karibu na soko na dereva wake anakunywa chai ya rangi, ameegemea tairi. Nikamuuliza anakwenda wapi. "Korogwe. Una kazi huko?" Nikamwambia sina. "Una ndugu?" Sina pia. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akacheka. "Basi panda. Mtu wa namna hiyo hana haraka, tukikwama atasukuma." Tulikwama mara mbili, nikasukuma mara mbili, na adhuhuri nilikuwa Korogwe, nimekaa kwenye kibaraza cha duka nisilolijua, natazama mabasi ya Arusha na Dar es Salaam yanavyopishana. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Shule niliiacha kidato cha pili, si kwa kushindwa masomo, bali kwa kushindwa kukaa mahali pamoja. Nilichokuwa nacho kwa wingi ni udadisi. Nilisoma kila kitu chenye maandishi: gazeti lililofungia vitumbua, karatasi ya dawa ya kuogeshea mifugo, tangazo la mnada lililochanika nusu.

Asubuhi ile imenirudia kwa sababu mwezi uliopita nilikuwa Kwaluguru, kumzika Mwalimu Agnes Mhando. Nilipata habari kwa simu, nikapanda basi hadi Handeni, kisha bodaboda, nikafika jeneza likiwa tayari uwanjani chini ya turubai. Kijana wa kanisani alisoma wasifu wa marehemu: alizaliwa, akabatizwa, akafundisha miaka mingi, alijaliwa watoto wawili, alisoma hadi ngazi ya stashahada. Hapo akageuza karatasi. Baadaye tulikula wali na maharage kwenye sahani za plastiki, nikakaa benchi moja na walimu wawili wastaafu. Mmoja alisema, "Huyu angekuwa mkuu wa shule zamani sana." Mwenzake akajibu huku anapuliza maharage, "Ni ile shahada. Si walisema alibuni vitabu?" "Nani alisema?" "Chuo. Aliweka marejeo ya vitu ambavyo havipo." Wakaendelea kula. Nami nilikula. Sikufungua mdomo pale kwenye benchi, kama nilivyonyamaza zamani. Hakubuni kitu. Nilikosea mimi, na sura hii naiandika ili niseme nilivyokosea.

Duka lile nililokaa kibarazani kwake lilikuwa la stationery, na mwenyewe alikuwa Mama Tunu, mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukasirika. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mashamba ya mkonge yakiuzwa kwa watu binafsi, mitumba ikimwagwa barabarani, na kila mwenye akiba kidogo akifungua kitu. Yeye alikuwa amefungua hiki. Chumba cha mbele kilikuwa na mashine ya fotokopi iliyopiga kelele kama ya kukoboa mpunga. Chumba cha nyuma kilikuwa na dirisha moja la vioo vya kukunja, feni, na kompyuta mbili ambazo jioni zilifunikwa kwa vipande vya kitenge kama watoto waliolala. Siku ile boksi za karatasi zilikuwa zimeshushwa kwenye gari na hakukuwa na wa kuziingiza ndani. "Wewe uliyekaa hapo, unasubiri basi au unasubiri nini?" "Sisubiri kitu, mama." "Basi beba." Nikabeba. Nilipomaliza akanipa ugali na dagaa, na nilipokuwa nakula akaniona nasoma maelekezo yaliyobandikwa kwenye boksi la wino. Akaniuliza kama najua herufi. Kesho yake nilianza kazi, na usiku nililala kwenye stoo nyuma ya mashine ya fotokopi.

Aliyenifundisha kuchapa ni Joakim, kijana wa kambi ya mkonge. Babu yake aliletwa kutoka kusini kukata mkonge, na yeye mwenyewe alikuwa na vidole vyepesi nisivyowahi kuona kwa mtu mwingine. "Usiitazame kibodi kama unatafuta chawa," aliniambia. Baada ya miezi miwili nilikuwa nachapa barua za maombi ya kazi, mihtasari ya vikao vya ushirika, na kazi za wanachuo wa ualimu. Hao wanachuo walianza kuniita Mtaalamu, kwanza kwa utani, halafu utani ukaisha na jina likabaki. Siwezi kueleza jina lile lilivyonikaa. Nilikuwa nimefukuzwa kwenye madarasa mawili nikiitwa mzururaji, na sasa mtu wa mwaka wa pili chuoni alikuwa anasimama nyuma ya kiti changu na kuniuliza, "Hapa Mtaalamu unaonaje?"

Mtandao ulifika katikati ya mwaka. Ulipita kwenye waya wa simu; mashine ililia, ikakwaruza, ikanyamaza, na ukiwa na bahati ukurasa ulishuka polepole kutoka juu, mstari kwa mstari. Dakika za simu zilikuwa ghali, kwa hiyo Mama Tunu alitunga utaratibu wake. Tuliunganisha, tukafungua kurasa zote ambazo mteja alizitaka, tukazihifadhi haraka haraka kwenye disketi, tukakata simu. Kisha mteja alikaa akasoma kutoka kwenye disketi kwa utulivu, au tukamchapia kwenye karatasi. Kila Ijumaa jioni disketi zote zilifutwa ili wiki inayofuata zitumike tena. Ulikuwa utaratibu mzuri. Hata leo nikiufikiria naona akili iliyokuwemo. Hakuna aliyekaa akawaza kwamba una tundu.

Mwalimu Agnes alikuja kwa mara ya kwanza siku ya Jumamosi, amevaa gauni la bluu lililopigwa pasi vizuri na vumbi la njia nzima likiwa miguuni. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi. Alifundisha huko Kwaluguru, na alikuwa anasomea shahada ya ualimu kwa masafa, anasoma kwa taa ya chemli na kupeleka kazi zake chuoni kwa basi. Sasa alikuwa amefika kwenye tasnifu. Alitaka kujua kwa nini mabinti wa wafugaji huko nyikani kwa Handeni huacha shule wakiwa darasa la nne. Alikuwa ameingia kwenye maboma kwa miguu, akakaa na akina mama, akaandika maneno yao kwenye madaftari ya mistari minne, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa shuleni kwake. Nilipokuwa nachapa nilisimama kwenye maneno ya mama mmoja: "Binti akikaa kwako mpaka la saba, Mwalimu, atawajua wafalme wote wa kitabu chako. Ng'ombe wa baba yake atawajulia wapi?" Nikacheka. Mwalimu akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia nilichunga ng'ombe mwaka mzima na mama huyu anasema kweli. "Ndiyo," akasema, "ndiyo maana ni vigumu kumjibu. Hasemi uongo."

Alikuja Jumamosi nyingi. Alibeba viazi vitamu vya kuchemsha na maziwa mgando kwenye kibuyu, zawadi za mabomani, na saa saba tulivila chumba cha nyuma, Joakim, mimi na yeye, huku feni ikipeperusha kurasa zake tulizozigandamiza kwa sahani. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika marejeo. Alikuwa na karatasi ya maelekezo kutoka chuoni, fotokopi ya fotokopi, ambayo kwenye sehemu ya mtandao ilikuwa haisomeki vizuri, lakini alikuwa ameikariri. Kwanza jina la mwandishi. Kisha mwaka. Kisha kichwa cha habari, anwani kamili ya ukurasa, na mwisho kabisa siku uliyousoma. "Kwa nini siku, Mwalimu? Vitabu huandiki siku uliyovisoma." Aliweka kiazi chini. "Kitabu kikishachapwa, Kasimu, kimekaa. Ukienda maktaba baada ya miaka kumi utakuta maneno yaleyale. Ukurasa wa mtandao mwenyewe anaweza kuamka kesho akabadilisha, au akaufuta. Kwa hiyo unamwambia msomaji: mimi niliuona siku hii, ukiwa mahali hapa." Nikauliza, na kama hauna mwandishi? "Unaanza na kichwa cha habari. Usimtungie mwandishi." Joakim akadakia, "Hata kama unajua ni nani, unamficha?" "Kujua na kuonyesha ni vitu viwili," alisema. "Wewe ukija hapa ukisema umesikia bei ya mahindi imepanda, Mama Tunu atakuuliza nani kasema, lini, na alikuwa amesimama soko gani. Ndivyo hivyohivyo." Nililipenda jambo hili kuliko yote niliyowahi kusoma shule. Lilinifanya nione kwamba wasomi nao ni watu wa kuulizana umetoka wapi.

Tulifungua kurasa kumi na mbili. Moja ilikuwa ripoti ndefu kuhusu shule zinazohama pamoja na mifugo, mwalimu akiwa na ubao mgongoni, na sura ya nne yote ya tasnifu ya Mwalimu ilisimama juu ya ripoti hiyo. Niliihifadhi mwenyewe, nikaichapa kwenye karatasi, akaondoka nayo kifuani kama mtoto. Wiki ya kukamilisha kazi Joakim alikuwa amekwenda kambini kwenye msiba wa shangazi yake, na Mwalimu alikuwa na darasa la mtihani, akaniachia karatasi zote. "Marejeo nakuachia wewe. Sasa unajua kama mimi." Kila karatasi ya mtandao iliyotoka kwenye printa yetu ilikuwa na mstari mdogo chini kabisa, wenye herufi na mikwaju na nukta. Nilijua anwani za mtandao zinafanana na kitu cha namna ile. Nikainakili mistari ile, mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu mkubwa, sikukosea hata nukta. Tarehe nilizitoa kwenye daftari lake. Nilipomaliza niliisoma orodha yote kwa sauti peke yangu katika chumba kile, nikajisikia mtu mkubwa. Mwalimu alipita kuichukua akielekea kupanda basi la kuipeleka chuoni. Aliitazama orodha, akapapasa ukurasa kwa kiganja, akasema, "Safi sana, mwanangu." Hakuwahi kukaa mbele ya kompyuta. Kwake anwani zote zilikuwa lugha ya kigeni.

Barua ya chuo ilikuja baada ya miezi miwili. Mwalimu hakuileta Jumamosi. Aliileta Jumatatu, siku ya kazi, na hapo nilijua kuna jambo hata kabla hajakaa. Alimpa Joakim. Msimamizi wake aliandika kwamba marejeo saba hayana anwani yoyote inayoweza kufunguliwa, kwamba inaelekea mtahiniwa ameyabuni, na kwamba amepewa wiki tatu kuthibitisha, vinginevyo kazi nzima itakataliwa. Wiki mbili kati ya hizo barua ilikuwa imezimalizia njiani. Joakim alichukua nakala ya tasnifu, akafungua ukurasa wa mwisho, akaanza kucheka. "Kasimu! Hii si anwani ya mtandao. Hii ni anwani ya disketi! Umewaambia maprofesa waje wasome kwenye droo ya Mama Tunu!" Halafu akaona uso wa Mwalimu na kicheko kikamkwama. Akaeleza taratibu, kama mtu anayeeleza ugonjwa. Ukurasa uliofunguliwa kwenye mtandao, printa huandika chini mahali ulipo mtandaoni. Lakini ukurasa uliofunguliwa kwenye disketi, printa huandika mahali ulipo kwenye disketi. Zile tano alizozifungua Joakim na kuzichapa moja kwa moja zilikuwa sawa. Saba nilizihifadhi mimi. Mwalimu aliuliza swali moja tu: "Disketi iko wapi?" Ilikuwa kwenye droo. Ilikuwa imefutwa Ijumaa nane au tisa zilizopita, na sasa ilikuwa na kadi za michango ya harusi ya mtu wa Manundu.

Tulitafuta siku nne. Mama Tunu, nitasema haki yake, hakutoza simu. Sita tulizipata, Joakim akiandika anwani kwa mkono kwenye daftari na mimi nikizisoma tena kuhakikisha. Ya saba, ile ripoti ya shule zinazohama, haikuwepo. Tulijaribu kichwa chake cha habari kizima, nusu yake, maneno yake ya kwanza. Mahali pake tulipata ukurasa mweupe unaosema kinachotafutwa hakipo. Mwenyewe alikuwa ameamka siku moja akaufuta. Karatasi tulikuwa nazo, kurasa ishirini na nne, lakini karatasi ile ilionyesha tu kwamba ilitoka kwetu. Mtu yeyote mwenye kompyuta angeweza kuitunga. Mwalimu alikwenda kupiga simu kwa msimamizi kutoka kibandani, akarudi amechangamka kidogo. "Si mtu mbaya," alisema. "Amesema akipata barua ya mchapaji mwenyewe, inayoeleza kwa mpangilio jinsi ukurasa ulivyofunguliwa na kosa lilivyotokea, ataipeleka kwenye kikao pamoja na zile karatasi. Kikao ni keshokutwa." Akanigeukia. "Kasimu, sikulaumu, unasikia? Tulikosea wote. Andika tu kilichotokea. Ukurasa mmoja. Jina lako, kazi yako hapa, siku uliyoufungua, ulivyouhifadhi, na ulivyonakili ule mstari. Basi. Nitalala kwa dada yangu, kesho saa mbili napita kuichukua, niwahi basi." Nikamwambia, "Ndiyo, Mwalimu. Kesho utaikuta."

Alipotoka, Mama Tunu alifunga mlango wa chumba cha nyuma. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. "Umenisikia nikisema neno mbele yake? Sikusema. Lakini barua hiyo ikisomwa chuoni, kila mwanachuo atajua hapa tunaharibu kazi za watu. Na utasaini kama nani? Fundi wa kompyuta? Wewe niliyekukuta kibarazani?" Joakim alijifanya anasafisha printa. Akanung'unika, "Mama, ni ukurasa mmoja tu." "Basi andika wewe!" "Mimi sikuwepo." Hilo nalo lilikuwa kweli, barua ya Joakim isingethibitisha kitu. Nimekuwa nikimtupia Mama Tunu lawama kwa miaka mingi, kwenye vijiwe na safarini, na sasa nimezeeka kiasi cha kukubali kwamba hakunizuia. Nilichukua karatasi nyeupe, nikakaa. Niliandika "Mimi, Kasimu", nikasimama. Mstari uliofuata ulipaswa kusema kwamba Mtaalamu wa Korogwe, aliyeachia shule kidato cha pili, hakujua tofauti ya mtandao na disketi. Watu wenye shahada wangeupitisha mkono kwa mkono mezani. Niliuona ukurasa ule ukisomwa, nikawasikia wakicheka kwa adabu, na sikuweza. Mwanamke alikuwa ametembea maboma yote ya nyikani kwa miguu, na mimi sikuweza kutembea mstari mmoja.

Alfajiri nilifunga begi langu. Saa moja na nusu nilikuwa ndani ya basi dogo stendi, kiti cha dirishani, basi likisubiri lijae. Kutoka pale mlango wa duka ulionekana vizuri. Alikuja kabla ya muda, na gauni lile la bluu, ameshika mfuko wa kaki wa kuwekea barua isikunjike. Duka lilikuwa halijafunguliwa. Akapangusa kibaraza kwa leso, akakaa. Mara moja aliinuka akachungulia dirishani kwa kukinga macho na viganja, akakaa tena. Sikuwa mbali, ningeita angesikia. Kondakta alipiga bati, "Twende, twende," na basi likaondoka, naye akainua kichwa kulitazama jinsi mtu anavyotazama gari lolote linalopita. Kazi yake ilikataliwa kesho yake, kwenye kikao. Joakim ndiye aliyeniambia, tulipokutana miaka mingi baadaye Tanga. Aliambiwa anaweza kurudia mwaka, lakini shule haikumpa ruhusa nyingine, na neno lile, kwamba alibuni, lilifika Kwaluguru kabla yake.

Nilishuka Mombo bila kuchagua Mombo; kondakta alisema ndiyo mwisho. Mabasi makubwa yalikuwa yamesimama, abiria wananyoosha miguu, wauzaji wanainua mayai na mahindi ya kuchoma madirishani, na milima ya Usambara imesimama nyuma yao kama ukuta wa nyumba ya mtu mwingine. Nilizunguka mpaka jua likawa kali, kisha nikaingia kwenye nyumba ya wageni yenye ua wa saruji na mashuka yanayokauka kwenye kamba. Mhudumu, mama wa makamo aliyekuwa anachambua mchele kwenye ungo, alinifungulia chumba nikione: kitanda, chandarua chenye fundo, beseni, dirisha la wavu. Nikasema kinatosha. Akapangusa mikono, akaleta daftari kubwa la wageni lenye mistari iliyochorwa kwa rula. "Andika. Jina, kazi, unakotoka, unakokwenda, siku uliyoingia. Serikali wanapita kukagua, na mtu akija kukutafuta nijue nimwambie nini." Nilitazama safu zile moja baada ya nyingine. Siku niliiandika sawasawa. Kwenye unakotoka niliandika Lushoto, mahali ambapo sikuwa nimewahi kufika. Kwenye jina nilishikilia kalamu kwa muda mpaka mama yule akauliza kama sijui kuandika, anisaidie.

"Najua," nikasema, nikaandika Salimu Omari.

Aliligeuza daftari upande wake, akasoma kwa kidole, akachukua ufunguo ukutani. "Haya, Salimu," akasema, "karibu, maji ya kuoga yako uani."

Nikaitika.